Mpaka Uliopita Koridoni Kwetu

Jumatatu, 4 Mei

Dada Sofia, nisamehe. Daftari hili ulinipa mwezi wa Shaaban, ukasema niandike kila siku mistari miwili, maana mwenye wivu akiandika hapasuki. Huu ndio mstari wa kwanza. Sina cha kujitetea, ila Najma anaota meno na Twaha amejifunza kufungua bomba. Likijaa nitalituma Tanga kwa basi, ulisome peke yako. Shemeji yako Mudi asilione.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Mtaa wetu wa Visima Viwili unakatwa. Watu wamezidi, ofisi moja haitoshi, kutakuwa na A na B. Mtendaji wa mtaa, Bwana Elisaria, kapita leo na karatasi na mwavuli, akasema mpaka utafuata mtaro wa maji. Mtaro uko kwenye uchochoro. Uchochoro uko kati ya nyumba yetu na nyumba ya Mama Goodluck. Sisi B. Yeye A.

Chapati iliyokuwa jikoni iliungua. Sikuigeuza.

Mama Goodluck sijakuandikia habari zake. Ni Clotilda, mtu wa Moshi, mke wa Ansbert wa duka la taa, mjumbe wa kamati ya mtaa mwaka wa pili huu. Mtu akitaka barua ya utambulisho, ya benki, ya kumwekea ndugu dhamana, lazima aanzie kwake ndipo aende ofisini kugongewa mhuri. Ana benchi. Limepakwa rangi. Kila asubuhi watu wanaipita meza yangu ya chapati hapa barazani, wanaenda kukaa kwenye benchi hilo na bahasha magotini kama wako kliniki, halafu yeye anatoka na kalamu aliyoitundika shingoni kwa uzi. Mwanawe hana kamasi hata msimu huu wa mvua. Sijui anafanyaje.

Sasa B itachagua kamati ya muda, na lazima awemo mwanamke mmoja. Nimepiga hesabu ya wanawake wa upande wetu wanaojua kusoma na wenye nafasi. Nimepata mmoja. Nafasi sina, lakini kidato cha nne nilimaliza.

Mzee Abdulswamad, mwenye nyumba wetu, kasema tusijisumbue kushangilia. Nyumba hii tangu baba yake aijenge haijasogea hata inchi, lakini imeshakuwa ndani ya kata tatu na kuchagua wabunge wa majimbo mawili, na paa linavuja vilevile.

Nimemwambia Mudi aanze kuniita mjumbe. Kaniuliza chumvi iko wapi.

Jumanne, 5 Mei

Furaha yangu imekaa siku moja.

Mama Goodluck kaja asubuhi. Kamchukua Najma mikononi bila kuombwa, na Najma, aliyelia tangu alfajiri, kanyamaza palepale. Mtoto wangu mwenyewe. Kasema anataka nisikie kwake kabla ya kusikia kwa watu. Wanawake wa upande wa B wamemfuata, wanamwomba asiwaache, awe mjumbe wao. Na chumba chao kimewabana. Basi amekiona kile kitupu mwisho wa korido yetu, mkono wa kushoto, atazungumza na Mzee wahamie. "Tutakuwa majirani hasa, Mama Twaha. Tutapikia uani pamoja."

Nikacheka meno yote. Nikampa chapati mbili bure.

Alipovuka uchochoro tu nikaenda kwa Mzee Abdulswamad. Shikamoo moja ndefu. Nikamwambia kile chumba asimpe mtu, mama mkwe anakuja kutoka Mafia kutibiwa magoti. Niliweka magoti ili habari iwe na uzito. Mama mkwe hana tatizo la magoti, na wala haji. Hajakanyaga Dar tangu harusi yetu.

Mzee akauliza, ni yule Bi Sitara aliyecheza harusini mpaka watu wakasimama kumtazama? Nikasema ndiye. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena vizuri.

Jumatano, 6 Mei

Mzee Abdulswamad ana huruma kupita kiasi, ndiyo maana hatajiriki. Kamwambia Mama Goodluck chumba kimepata mtu, lakini asihangaike, atamtolea magunia kwenye stoo ya mbele aingie humo. Stoo nayo iko mkono wa kushoto. Mchana nimemkuta anapima dirisha kwa ajili ya pazia. Kapima kwa mkono. Hata shubiri yake ni ndefu kuliko yangu.

Nimewaza siku nzima, mtoto mgongoni. Siwezi kumzuia kuhamia nyumba hii. Lakini nani kasema nyumba hii lazima yote iwe B?

Ngoja nikueleze nyumba ilivyo. Korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia. Mimi na Mudi tuko kulia. Chumba kitupu, stoo na chumba cha Mzee viko kushoto, upande wa uchochoro. Na chini ya korido pana uwazi. Kuna mtaro wa zamani sana, baba yake Mzee alijenga juu yake. Nimelijua hilo mwezi uliopita, mpira wa Twaha ulipoingia kwenye tundu la uani ukaja kutokea mbele ya baraza.

Nimemwomba Bwana Elisaria anionyeshe karatasi yake. Nilimpa chai kwanza. Imeandikwa hivi: mpaka utafuata mtaro wa zamani wa maji. Wa zamani. Ule wa uchochoroni umechimbwa juzijuzi, mimi nilikuwa na mimba ya Twaha.

Kulia B, kushoto A. Ahamie stoo akitaka. Apike na uani.

Alhamisi, 7 Mei

Jambo dogo limetokea, silipi uzito.

Mzee Abdulswamad, kwa wema wake, kampigia simu mama mkwe kumkaribisha. Namba kaiomba kwa Mudi. Mama mkwe kasema alikuwa hajui kama anakuja, lakini kama mkwe wake ameshamwandalia chumba, ataletaje jeuri ya kukataa? Anafika Jumamosi.

Mudi karudi kutoka dukani akanikalisha chini. Nikajua nimekamatika. Kumbe macho yamemlowa. Kasema miaka sita anatamani kumleta mama yake akaogopa kunielemea, na mimi nimefanya bila kumwambia, nimefikiria mpaka magoti. Kasema Mungu kampa mke.

Nikainamisha kichwa. Watu wakifikiria unaona haya ya wema, usiwaharibie.

Ijumaa, 8 Mei

Siku yangu.

Saa tatu asubuhi wakaja kukagua mpaka, Bwana Elisaria na wazee wanne wanaoitwa wenyeji, kwa sababu mpaka hapa kwetu hauthibitishwi mpaka mwenyeji anyooshe kidole aseme ni hapa. Wakasimama uchochoroni. Mzee mmoja akanyoosha kidole kwenye mtaro mpya. Nikasogea na Najma mgongoni, nikasema kwa adabu, baba zangu, shikamooni, karatasi si inasema wa zamani?

Wakanitazama. Mmoja akauliza huyu ni mwenyeji wa lini. Nikasema mimi simjui mtu, ninayajua maji. Nikawapeleka uani. Nilikuwa nimeandaa ndoo ya maji ya kufulia, nimetia bluu ya nguo pakiti nzima. Nikaimimina kwenye tundu. Tukapita koridoni mguu kwa mguu, tunasikia maji yanapiga kelele chini ya miguu yetu, tukatokea barazani. Na pale mbele, mbele ya wateja wa chapati, yakatoka ya bluu.

Bwana Elisaria akavua miwani. Wazee wakakubaliana kwamba hata wao walikuwa wanakumbuka hivyohivyo.

Akatoa kopo la rangi nyekundu akaandika milangoni. Kushoto A, A, A. Kulia B, B, B. Mzee Abdulswamad alirudi sokoni akakuta nyumba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu, akajua inabomolewa. Ilibidi tumkalishe kwenye ngazi tumpepee na mfuniko wa sufuria.

Mama Goodluck kaja jioni kuangalia mlango wa stoo. A. Kasema basi haina maana ahame, abaki tu kwake. Hakukasirika. Angekasirika kidogo tu ningefurahi zaidi.

Jumamosi, 9 Mei

Mama mkwe kafika. Kavuka na boti mpaka Nyamisati, basi mpaka Mbagala, na magoti yake yamepanda ngazi za baraza mbili mbili. Kaleta kapu la nazi, pweza mkavu, na mkeka aliousuka mwenyewe. Kanikumbatia muda mrefu. Kasema nimekonda, kazi ni nyingi, sasa kaja kunipokea watoto. Kamchukua Najma na nikalala saa mbili mchana, Dada. Sijalala mchana tangu nizae. Nikaamka nikadhani nimekufa.

Kitu kimoja tu. Kile chumba kitupu dirisha lake linatazama choo. Mudi kasema mama yake hawezi kuja toka Mafia kulala anatazama choo. Kwa hiyo yeye kapewa chumba chetu na kitanda chetu, na sisi tumehamia kile. Ndivyo ilivyo, mkubwa ndiye anapewa kitanda, hata mimi sikubisha. Tumebeba godoro dogo na chandarua, tumevuka korido, basi.

Vizuri tu. Uchaguzi Jumapili ijayo. Nimeshaandika maneno ya kusema.

Jumanne, 12 Mei

Dada, nimelia.

Blandina wa ofisi ya mtaa kaja na daftari kubwa kuandika wakazi wapya wa B. Nikampokea kwa tabasamu mlangoni kulia. Nikamwambia andika, Ummy, mama wa watoto wawili, mkazi. Akasema taratibu ni kuona mtu anakolala. Akasukuma mlango. Mama mkwe yuko kitandani kwangu kanyoosha miguu, anachambua mchele. Blandina akauliza nani analala humu. Mama mkwe, kwa heshima zote, akasema ni yeye peke yake, mkwe wake kamwachia, hajapata kuona mkwe kama huyu.

Blandina akauliza, na wewe unalala wapi?

Nikasema mimi huwa nalala huku na huku. Twaha akanivuta gauni. "Mama, sisi si tunalala kule kwenye panya?" Akaongoza njia mwenyewe. Godoro pale. Chandarua pale. Nepi za Najma kwenye kamba. Blandina akatazama juu ya mlango. A.

Akaniandika A. Akamwandika mama mkwe B.

Nilimkimbilia Mudi dukani, mtoto mgongoni, nikapita katikati ya mikokoteni kama nafukuzwa. Nikamwomba tubadilishane vyumba kwa juma moja tu. Aliacha kukata kitambaa. Kasema, yaani nimtoe mama yangu kitandani kwa sababu ya ujumbe? Hakusema kwa hasira. Wateja walikuwa wanasikiliza na mmoja akatikisa kichwa kwa niaba ya wote.

Jumatano, 13 Mei

Nimefikiria njia. Nimevusha godoro kwenda kulia mimi na wanangu tu, Mudi nimemwacha na panya. Mama mkwe kafurahi sana, kasema njooni tujazane. Nikaenda ofisini kutoa taarifa kwamba nimehama. Blandina kasema daftari la B limefungwa jana saa kumi. Nikamwambia nimehama hatua tatu. Kasema hata ungehama moja.

Nimerudisha godoro.

Halafu Mama Goodluck kaniona nalikokota, kaja kushika upande wa pili. Hakuuliza linatoka wapi wala linaenda wapi. Hicho ndicho kinachoniua kwa yule mwanamke.

Jumapili, 17 Mei

Mkutano wa B umefanyika mbele ya baraza letu. Mimi nilisimama ndani ya korido, upande wangu, kama mtu anayetazama harusi dirishani. Karatasi yenye maneno yangu ilikuwa kwenye kanga.

Nilijipa moyo kwamba watakosa mwanamke. Wakikosa, lazima wanifikirie. Bwana Elisaria akauliza nani anapendekeza jina la mwanamke. Nikajikohoza kidogo. Mzee Abdulswamad akasimama upande wake wa A, Bwana Elisaria akamwambia huruhusiwi, akajibu kwamba nyumba ni yake pande zote, atasema. Akamtaja Bi Sitara wa Mafia.

Bwana Elisaria akauliza kama mama ana siku za kutosha hapa mjini. Sauti zikamjibu kutoka kila kona. Huyu mama mkwe, Dada, kwa siku nane alizokaa kamkanda mgongo kila mwanamke wa upande ule. Kamaliza ugomvi wa kamba ya kuanikia uliodumu tangu mwaka jana. Kawapikia pweza wa nazi hata ambao mimi sisalimiani nao. Mimi nilidhani anapoteza muda.

Mikono ikanyanyuliwa. Yote. Mama Goodluck, aliyekuja kutazama tu, kapiga kigelegele kutoka ng'ambo. Watu wakanigeukia, mkwe wa mjumbe. Nikapiga na mimi. Kilitoka kama cha mtu anayebanwa na mlango.

Wakamtaka aseme neno. Kasema yeye hana la kusema, ila shukrani ziende kwa mkwe wake Ummy, aliyemwita kutoka Mafia bila hata kuombwa, akampisha chumba chake, na kitanda chake. Bila Ummy, kasema, yeye asingekuwa hapo alipo.

Wamenipigia makofi, Dada. Makofi marefu.

Jumatatu, 18 Mei

Nilikuwa nahitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya fomu ya kitambulisho. Kabla ya chai nilikuta watu wanne koridoni na bahasha. Mzee Abdulswamad kawatolea kiti chake cha kusukwa. Nikasimama nyuma yao, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Zamu yangu ilipofika mama mkwe kanitazama kwa huruma kabisa. Kasema, mwanangu, ningeandika, lakini wewe ni wa A. Mambo ya watu yana taratibu. Nenda kwa Mama Goodluck. Na ukirudi naomba kikombe cha chai, mjumbe wako hajanywa kitu.

Nikavuka uchochoro. Nikakaa kwenye benchi, bahasha magotini. Ni benchi zuri, linakaa vizuri, sikutaka kujua hivyo.

Mama Goodluck kaandika barua yangu kwa mwandiko wa kitabuni. Kisha kafunga kalamu akasema ana neno. Mwanamke wa pili kwenye kamati ya A amebaki upande wa B baada ya mtaa kukatwa, na ujumbe kauchoka. Kiti chake kiko wazi. Mkutano wa A hautakuwa na shida, yeye mwenyewe atanipendekeza, kwa sababu hajaona mtu anayejua mitaro kama mimi. Tungefanya kazi pamoja. Kuhusu watoto nisijali, Goodluck atacheza nao.

Nilikitaka kiti. Nakuandikia ukweli kwa sababu mama hayupo nimwambie. Nilikitaka mpaka nikasikia mate. Lakini nikaona picha nzima: sisi wawili kwenye benchi, yeye katikati, mimi pembeni, watu wakiniuliza Mama Goodluck katoka au yupo.

Nikamwambia asante, nimebanwa na shughuli nyingine.

Kauliza kwa upole shughuli gani. Nikasema kubwa.

Alhamisi, 21 Mei

Dada, nimeipata.

Leo mteja mmoja wa chapati, mtu anayefanya kazi kwenye ofisi ya mtu anayejua, kasema kuna tetesi kwamba jimbo zima linaweza kugawanywa. Si mtaa, si kata. Jimbo. Nikamwongeza maharage ili aendelee. Kasema likigawanywa kutakuwa na nafasi mpya juu mpaka chini, hata viti maalum vya wanawake, na anayejipanga mapema ndiye anayepata. Nikamuuliza mpaka utapita wapi. Kasema bado haujulikani.

Haujulikani. Yaani bado unaweza kusaidiwa.

Nimetembea mchana na Najma mgongoni nikiangalia mitaro ya huku mpaka karibu na Upanga. Nimeona miwili inayofaa. Mudi kauliza nimetoka wapi na matope haya, nikamwambia kumtembeza mtoto. Kasema mama yake anaulizia kwa nini siku hizi nanunua bluu ya nguo nyingi.

Safari hii sitakosea. Kosa la mwanzo lilikuwa dogo sana, suala la godoro tu. Daftari limejaa kwa hiyo nalituma kesho kwa basi la asubuhi. Ukishalipokea naomba unitumie haya, usisahau hata moja:

Daftari jingine, liwe nene kuliko hili.

Cheti changu cha kidato cha nne, kiko kwenye sanduku la mama chini ya mashuka.

Ile tepu ndefu ya shemeji ya kupimia viwanja. Usimwambie ya nini.

Kitenge cha sare, doti kumi na mbili, rangi ambayo mtu wa Moshi hawezi kuwa nayo.

Benchi. Kama fundi wa hapo kwenu anatengeneza la kukunja, liwe refu kidogo kuliko la mtu mmoja ninayemjua. Urefu wake nimeuandika nyuma ya jalada.

Na barua moja, iandikwe kwa mwandiko wako ila usiweke jina lako, umwambie mama mkwe kwamba kuna watu wanaangua nazi zake kule Mafia na inafaa arudi haraka. Taja na magoti ya mtu yeyote wa kule, ili iwe na uzito.